Mkono Uliokuwa na Kesi

Kila mara mkono wa Profesa Mgonja ulipofika mahali pagumu, ulipanda kujikuna sikio. Taabu ni kwamba Profesa mwenyewe alikwisha kustaafu na kurudi kwao milimani Usangi, na sikio lililokuwa likikunwa lilikuwa la Daktari Aikande Temu.

Sista Tunu, aliyesimama upande wa pili wa meza, aliuchapa mkono kofi kabla haujafika shavuni. "Tulia, Profesa," akauambia, kwa sauti ya mtu anayefukuza mbuzi kwenye mahindi, na mkono ukarudi kazini.

Aikande hakuona ajabu. Mkono wa Mgonja ulikuwa glavu juu ya mkono wake mwenyewe, nyembamba kama gamba la nyoka aliyejivua, na ndani yake zilipita nyuzi zilizokaza na kulegea mithili ya misuli. Zamani Profesa alivishwa glavu hiyo, akaondoa kinyama kimoja kigumu kilichoota ndani ya utumbo wa mgonjwa bila kulipasua tumbo, na nyuzi zikashika kila kitu: vidole vilipita wapi, vilikaza kiasi gani, vilisita lini. Tangu hapo kila daktari nchini aliyetaka kujifunza kazi hiyo aliuvaa Mkono wa Mgonja, ukamwongoza kama mwalimu anayemshika mtoto kidole kumchoresha herufi ya kwanza. Nyuzi zilishika ujuzi na zilishika mazoea pia, kwa sababu hazikujua kutofautisha. Ndiyo maana mkono ulijikuna, na saa nne asubuhi ulinyooka kutafuta kikombe cha chai.

Siku hiyo hapakuwa na mgonjwa. Ndani ya sanduku la plastiki lililofinyangwa kama tumbo la mtu ulilala utumbo wa ndama kutoka machinjio ya Himo. Aikande aliununua mwenyewe kila alfajiri, mpaka akina mama wauza supu wakaamini kwamba ana mgahawa wa siri na wakaanza kumchukia.

Mrija wenye jicho la kamera ulikuwa umeshapita kona zote, na kwenye kioo ukuta wa utumbo ulionekana mwekundu, unang'aa. Mkono uliteremsha sindano kupitia ndani ya mrija, ukapenyeza maji ya bluu chini ya tabaka la juu, na mahali hapo pakaumuka kama andazi katika mafuta. Kisha kisu cha umeme, ambacho ncha yake haizidi ncha ya kalamu, kikazunguka uvimbe na kuanza kuuchuna kwa chini, unyuzi mmoja mmoja, katikati ya ngozi ya juu na msuli. Ilikuwa kazi ya kupendeza kuitazama. Aikande alijua kwamba vidole vyake peke yake vingeifanya vilevile, ila kwa mwendo wa kobe.

Kikabaki kipande kidogo cha mwisho. Hapo mkono, uliokuwa mtulivu kama maji ya mtungi, ukaharakisha ghafla. Kifundo kikavuta kushoto, chap, na kipande kikatoka.

Maji ya bluu yakaanza kuchuruzika nje ya utumbo, yakatuama kwenye sanduku.

"Tena," alisema Sista Tunu.

Tena, na si mara ya kwanza. Sehemu za chini, karibu na njia ya haja, ambako ukuta ni mnene, mvuto ule haukudhuru kitu. Wanafunzi waliupenda, wakauita mkato wa Mgonja, na wengine waliuiga hata wakikata nyanya nyumbani. Lakini huku juu, mwanzoni mwa utumbo mpana, ambako ukuta ni kama ganda la kitunguu lililolowa, mvuto ule ulitoboa. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua, kwa sababu vinyama vya huku juu Profesa aliviondoa kwa mkono wake halisi, naye hakuwa na haraka. Sasa Profesa amestaafu, na kinyama kimoja cha huku juu kilikuwa kinasubiri kuondolewa keshokutwa.

Kilikuwa cha Profesa Mgonja.

*

Alifika hospitali ya Njia Panda amechelewa na amekasirika. Gari lililompakia, mojawapo ya yale yasiyo na dereva, lilikutana na jenzake pale penye makutano, na kila moja likampisha jenzake kwa adabu mpaka foleni ikarudi nyuma hadi Himo. Profesa alishuka akayasihi, akayakaripia, mwishowe akayaambia yote mawili kwamba atayashtaki. Alipoingia wodini bado alikuwa akitunga maneno ya hati ya mashtaka.

Ni Aikande aliyekuwa amekiona kinyama hicho wiki iliyotangulia, kwa mrija wa kuchungulia tu, tumbo likiwa limeoshwa kwa maji matupu: bapa, kipana, kimejibandika kwenye mkunjo jirani na kidole tumbo kama zulia kwenye ngazi. Kingeachwa kingegeuka saratani. Kupasua tumbo haikufaa, maana moyo wa Profesa ulikuwa umekataa usingizi mrefu wa dawa. Ilibaki njia ya mrija, na kwa njia hiyo tundu moja dogo lingemwaga uchafu tumboni, wakalazimika kupasua vilevile, na moyo ule ungesimama, kama ulivyoahidi.

Sheria nayo ilikuwa na mdomo wake. Mwanafunzi hakuruhusiwa kumkata mgonjwa ila kwa mkono wa mwalimu, mpaka mwalimu mwenyewe atamke kwamba mkono wa mwanafunzi umeiva. Mwalimu wa nchi nzima alikuwa Mgonja, na Mgonja hajawahi kutamka. Akiulizwa kwa nini, alijibu kwamba bado anatazama. Kwa Aikande aliongeza kuwa mkono wake si mbaya, ila ni mzito kama wa mtu anayehesabu chenji.

Sista Tunu alimletea jagi la dawa ya kusafisha tumbo. Profesa, aliyewaandikia wagonjwa dawa hiyo katika maisha yake yote ya kazi, alikuwa hajawahi kuionja. Alipiga funda la kwanza, akaliweka jagi chini kwa heshima, kama mtu anayeweka bomu.

"Nani aliyeidhinisha uchafu huu?"

"Wewe, Profesa," alijibu Sista Tunu. "Na ulisema una ladha ya limau."

Aikande akaketi kando ya kitanda. Alikuwa amekuja kusema jambo moja, na alikuwa amelikariri njiani. Lakini Profesa alimwona akakunjua uso, maana yeye ni Mpare na Aikande ni Mchaga, na watu hao ni watani tangu babu zao walipokuwa wakibadilishana ndizi na chuma. Profesa hakumwachia hata nafasi ya kupumua. Alimwuliza kama kweli amekuja kumwona mgonjwa au amekuja kumpima jeneza. Alimshauri asiache pochi karibu na mrija, isije ikaonekana kwenye kioo akasahau kazi, maana Mchaga akiona fedha haoni kingine. Aikande hakuweza kuacha pengo kama hilo wazi. Utani usiojibiwa ni utovu wa adabu. Akamwambia kwamba Wapare hawana haja ya dawa ya kusafisha tumbo, kwa kuwa kwao hakuna kinachoingia tumboni bila kujadiliwa kwanza na ukoo.

Profesa akacheka, na katika kicheko hicho Aikande akaona mlango. Mwanafunzi hawezi kumwambia mwalimu wake kwamba mkono wake una kasoro. Mtani anaweza. Mtani husema hata msibani, mbele ya maiti, na hakasirikiwi.

"Basi nikuambie, mtani," alisema. "Ule mkono wako una haraka. Ukifika mwisho unavuta kama mwizi wa kuku. Huku juu unatoboa. Nimeujaribu kwa ndama, kila siku unatoboa. Keshokutwa utajitoboa mwenyewe."

Profesa alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alishika ubavu, akapiga godoro, akampigia simu mkewe, Mama Nakijwa, akamrudishia maneno yote, pamoja na mwizi wa kuku. Akasema hajapata kutukanwa vizuri namna hiyo tangu mtani mmoja kutoka Machame alipokataa kumzika shemeji wa Profesa mpaka apewe mguu wa ng'ombe. Kisha, akiwa bado anajifuta machozi, akaigeukia mashine ya kupokea ridhaa na kutamka kwa sauti ya mahakamani kwamba yeye, Eliakimu Mgonja, anaridhia kinyama chake kiondolewe kwa mkono wake mwenyewe, na si wa mtu mwingine yeyote.

Aikande alitoka nje. Alikuwa amesema kila kitu, na hakuna kilichosikika.

Sista Tunu alimfuata kwenye baraza. Alikuwa mtu wa Pangani, hana mtani katika kesi hii, na akili yake ilikwenda moja kwa moja. Alimkumbusha kwamba chini ya kidole cha mwisho cha glavu kuna kitufe. Ukikibonyeza, mkono wa mwalimu unalala, na glavu inabaki kutazama tu kile mwenye kuivaa anachofanya. Kazi ikifika penye hatari, Aikande abonyeze, amalize kwa mkono wake mwenyewe. Mgonjwa atapona, mzee atarudi Usangi akijisifu kwamba amejitibu, na hakuna atakayejua.

"Nitajua mimi," alisema Aikande.

"Wewe ni daktari. Mnajua mambo mengi na mnanyamaza."

Uongo ule ulikuwa mzuri, umepimwa, hauna mshono unaoonekana. Ila mtu alikuwa ametamka ni mkono gani anaoukubali uingie mwilini mwake. Na kesho yake, daktari fulani mahali fulani angeuvaa Mkono wa Mgonja na kupanda nao huku juu, akijua umemponya Mgonja mwenyewe.

*

Siku ya kazi Profesa alilazwa kwa ubavu wa kushoto, amepewa dawa ya kumlegeza lakini yuko macho, uso ameuelekeza kwenye kioo. Alikuwa na furaha ya mtu anayerudishwa shuleni kwake kuhutubia. Aliposalimiwa shikamoo aliitikia, kisha akaanza kueleza kila kona ya utumbo wake kama mwenyeji anayetembeza wageni shambani. Hapa tunaelekea kulia. Hapa angalieni mkunjo. Alipoona jinsi ulivyosafishika, alimsifu Sista Tunu na kuisamehe ile dawa.

Wakafika. Maji ya bluu yakaingia, zulia likainuka. Mkono ukajikuna mara moja tu, ukachapwa, na Profesa akauliza kwa nini wanampiga. Kisu kikazunguka, kikaanza kuchuna, na kweli mkono ulikuwa fundi. Profesa alinong'ona, "Tazama. Tazama huyo," kama mtu anayemtazama mwanawe akicheza mpira.

Kikabaki kipande cha mwisho. Aikande alihisi nyuzi zikianza kupata joto kwenye kifundo, kama ng'ombe anayevuta kamba akinusa maji. Kidole chake cha mwisho kilikuwa juu ya kitufe. Sista Tunu alimwangalia, kisha kwa makusudi akatazama dari.

Aikande akafunga mrija usisogee, akaondoa kisu.

"Profesa, nina neno."

"Sema, Mchaga. Bei imepanda?"

Angesema lolote, lingekuwa utani. Maneno yote ya maana alikwisha kuyatumia kando ya kitanda na yakachekwa. Akatafuta mlango mwingine, akaupata ule wa utotoni.

"Shikamoo," akasema.

Walikwisha kusalimiana asubuhi. Hakuna mtu anayemwamkia mzee mara ya pili akiwa na mrija ndani ya utumbo wake, ila aliyetoka kwenye mchezo na kupiga goti.

"Marahaba," alisema Profesa, polepole, na sauti ikawa nyingine.

Aikande akamwambia. Hakutia kuku wala mwizi. Alisema kwamba mkono unavuta kushoto mwishoni, kwamba hapa walipo ukuta hauwezi kuuvumilia, na kwamba anaamini utatoboa. Alisema pia kwamba angeweza kuulaza kimyakimya, na kwamba hakutaka.

Profesa, kwa kuwa ni Mpare, na Wapare husifika kwa kesi, akafungua kesi. Akiwa amelala ubavu, makalio yake yakiwa mikononi mwa serikali, alitaka kujua mlalamikaji ana ushahidi gani. Aikande akataja ndama. Profesa akapinga: ndama si mtu. Akamwita shahidi, na Sista Tunu akathibitisha kwamba amefuta maji ya bluu sakafuni mpaka amechoka, na akaongeza, bila kuulizwa, kwamba maji ya bluu yaliyopo sasa hivi yananywea, na mahakama iharakishe.

"Mleteni mshtakiwa," alisema Profesa.

Hawakumwelewa mpaka aliponyoosha mkono wake wa kulia, uliokuwa huru juu ya shuka. Sista Tunu akashika mrija. Aikande akaivua glavu, akamvisha Profesa mwenyewe, na akauamuru mkono urudie hatua ya mwisho hewani.

Vidole vya mzee vikaanza kwenda. Vilipanda na kushuka taratibu, vikichuna kitu kisichokuwepo, na Profesa akatabasamu kwa kukutana na ujana wake. Halafu kifundo kikavuta kushoto, chap, kwa nguvu iliyomtikisa bega.

"Tena," alisema.

Kikavuta tena. Tabasamu likafifia. Alikaa akiutazama mkono wake kama anayemtazama ndugu aliyekamatwa.

"Huo," alisema hatimaye, "ni mkono wa mtu anayewahi mahakamani."

Ikabidi aeleze. Siku ile ya kuvishwa glavu alikuwa na kesi mahakama ya mwanzo, yeye na jirani yake Mzee Mbwambo, kuhusu parachichi. Mti ulikuwa wa Profesa, tawi lilikuwa limevuka mpaka, na tunda lilianguka upande wa pili. Kesi ilipangwa saa tano, na kinyama kilikuwa kikaidi. Mwishoni alivuta kidogo, awahi. Kidogo tu. Ulikuwa ukuta mnene, haukudhuru kitu.

"Ulishinda?" aliuliza Sista Tunu.

"Nilishinda," alisema Profesa, na hata pale alipolala kidevu kilipanda. "Nikakabidhiwa parachichi langu. Lilikuwa limeoza."

Hakuna aliyecheka, na Profesa mwenyewe ndiye aliyeonekana kuliona hilo zaidi. Parachichi lile lilikuwa likizunguka nchi nzima, mikononi mwa madaktari waliomwamini.

"Maji yananywea," alisema Sista Tunu.

Profesa akavuliwa glavu. Akamwuliza Aikande kama mkono wake bado ni mzito. Aikande akasema ndiyo, ni mzito.

"Leo nautaka huo," alisema, akaigeukia mashine. "Mimi, Eliakimu Mgonja, mwenye akili timamu na niliyelala vibaya, nafuta maneno yangu ya juzi. Daktari Aikande Temu atumie mkono wake mwenyewe. Kwangu na kwa wote watakaokuja. Nimetazama vya kutosha."

Aikande aliivaa glavu kwa kuwa sheria ilitaka ivaliwe, akabonyeza kitufe. Nyuzi zikalegea, zikabaki kutazama tu. Aliongeza maji ya bluu, zulia likainuka tena. Kisha akakata kwa mwendo wake wa kobe. Baada ya kila unyuzi alisimama kidogo kumsikiliza Profesa, kwa sababu katika miaka yote ya kujifunza hakuwahi kukata mara mbili mfululizo bila kukaripiwa. Profesa hakusema neno. Kimya kile kilimtisha kuliko kisu. Alipofika kwenye unyuzi wa mwisho alisimama kwa muda mrefu, sikio limetegwa, akingojea aambiwe kwamba amekosea.

Hakuambiwa. Akakata.

Kipande kikatoka kizima. Chini yake ukuta ulibaki wa bluu, laini, bila tundu. Sista Tunu akautazama, akautazama tena, kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya: akaketi.

Ndipo Aikande alipogeuka na kuona kwa nini Profesa alikuwa kimya. Alikuwa ameuma kidole chake cha shahada, na alama za meno zilikuwa zimezama.

"Umechelewa," alisema Profesa alipokitoa mdomoni.

"Ndiyo, Profesa."

"Ningemaliza zamani."

"Ndiyo, Profesa."

Akakitazama kinyama kilichokuwa kimebandikwa kwa pini juu ya kizibo, kizima kutoka pembe hadi pembe. "Nitakata rufaa," alisema, akafumba macho, na muda si mrefu akaanza kukoroma.

*

Mkono wa Mgonja uliondolewa kazini kwa ombi la Mgonja mwenyewe, katika hati ndefu iliyojaa vifungu. Ukatumwa mwingine mahali pake, ule wa Aikande ambao nyuzi ziliushika siku hiyo. Haujikuni sikio wala hautafuti chai. Unakwenda polepole, na wanafunzi wenye haraka huulalamikia. Lakini wote huuliza jambo moja: kwa nini unasimama baada ya kila mkato, na kwa nini kabla ya ule wa mwisho unasimama muda mrefu hivyo, kama mtu anayesikiliza mlangoni.

Profesa Mgonja, ambaye siku hizi hualikwa kwenye mahafali, huwaeleza kwamba huo ni ufundi wa hali ya juu aliomfundisha Daktari Temu yeye mwenyewe. Aikande hukaa pembeni yake akiyasikia hayo na hampingi. Jambo lenyewe ni kweli, kwa namna yake. Na kesi kama hiyo, na Mpare, nani angeifungua?